Mpishi Asiyeonja

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande wa Kabambare, tulijua jinsi zimwi linavyopika kabla hatujajua kuandika majina yetu. Wajukuu wangu wakija likizo hapa Kasongo, huja na mazimwi yao ndani ya simu. Nimeyaona. Yana meno mengi, yanapiga makelele, yanamrukia mtu na kumtafuna mbichi pamoja na viatu vyake. Niliwauliza, hili zimwi lenu halina hata sufuria? Walicheka mpaka mmoja akaangusha simu. Nikawahurumia. Zimwi lisilo na jiko utaliogopea nini? Hilo ni mbwa mkubwa tu. La kwetu lilikuwa na mafiga matatu na chungu, lilijua kuchemsha mawese mpaka yanukie njiani, na lilikuwa na adabu ya kukuambia ukae.

Aliyetufundisha mambo hayo ni bibi yetu mzaa mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, ndiyo bibi kwetu. Yeye alikuwa mtu wa misa, sisi kwa upande wa baba tulikuwa watu wa msikiti, na jikoni kwake wote tulilizwa na moshi uleule. Hadithi zake zilikuwa na saa yake, nayo ilikuwa saa ya sombe. Wa rika langu mnajua kwamba sombe haina haraka. Unatwanga majani ya muhogo kwenye kinu mpaka mkono ufe ganzi, unayatia chunguni, unachemsha na kuchemsha, na ni mwishoni kabisa ndipo yanapokuja mawese, kitunguu, na kipande cha samaki mkavu wa Nyangwe kama Mungu amejalia. Katikati hapo huna la kufanya ila kumeza mate. Koko aliijaza nafasi hiyo kwa mazimwi, jua likiwa linashuka nyuma ya migomba na kuku wakigombania mahali pa kulala.

Siku hizi mtu akisimulia zimwi, anaanza na kucha na macho. Koko hakujali sura. Alisema sura ya zimwi ni sura ya mama yeyote anayekutana nawe njiani, kwa hiyo ukitaka kulijua, angalia linavyopika. Zimwi linanawa mikono baada ya kupika, si kabla. Zimwi halifuniki chungu, kwa sababu linapenda harufu itembee mbali ikamtafute mtu. Zimwi linavundika mihogo yake kwenye kijito kilekile mnachovundika ninyi, ila kule juu, ili maji yalipitie kwanza ndipo yawafikie. Maganda yake hayakatiki. Linamenya muhogo kutoka kichwa hadi mkia kwa ganda moja refu. Halitii chumvi, maana chumvi imepita mikononi mwa watu wengi mpaka kufika kwetu, na zimwi halipendi kitu kilichozoea watu. Zaidi ya hayo, hupika vizuri sana. Tulipomwuliza Koko kwa nini, alitushangaa. "Sasa kama inapika mubaya, nani atakubali kukula?"

Ishara kubwa kuliko zote aliiweka mwisho. Zimwi halionji. Msomaji aliyekulia kwingine huenda asiuone uzito wake, kwa hiyo nieleze. Kwetu, anayekupa chakula anakimega yeye kwanza mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakisogeza kwako. Pombe ni hivyohivyo, hata maji ya mgeni. Mama yangu alinionjea uji mimi, mwanawe wa kumzaa, na mimi nikikuwekea sahani leo utaona mkono wangu ukienda kwanza. Ndivyo tunavyoambiana kwamba hakuna sumu, na kwamba tunakula pamoja. Zimwi linaweka chakula mbele yako, linakaa, linakutazama kinywa. Koko alipofika hapo alinyamaza na kututazama midomo mmoja mmoja, mpaka mdogo wangu Zuhura akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Huyo Zuhura ndiye aliyenifundisha kwamba hadithi hazikai jikoni. Alikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na mlafi ambaye sijaona wa pili wake. Alilamba mwiko, alilamba kinu, alikula ukoko wa bukari, ugali wetu wa muhogo, kabla haujapoa. Baba, ambaye alikuwa akichimba dhahabu Lusangi na kurudi nyumbani kwa nadra, alimwita Tumbo. Mimi nilikuwa na umri wa kubebeshwa beseni lakini si umri wa kuulizwa maoni.

Siku hiyo tulikwenda wawili kijitoni kutoa mihogo iliyokwisha kulainika. Mnaikumbuka harufu ya muhogo uliovundikwa, inavyoshika kwenye nywele? Mimi nilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, nikipapasa chini na kutupa ukingoni, na Zuhura alikuwa akipanga kwenye beseni. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Niliita. Kule juu ya kijito kulikuwa na kichaka cha mianzi ambacho hakuna aliyekikata, na nakumbuka kwamba mianzi ile haikutikisika ingawa upepo ulikuwa ukipita juu ya majani mengine yote. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jua lilikuwa limeanza kulala alipotokea hukohuko, akitembea polepole, ameshika nusu ya kibuyu iliyosuguliwa ikang'aa, midomo yake ikiwa myekundu kwa mawese.

"Yaya, nimeshiba," aliniambia mimi dada yake. Njia nzima hakuniomba nimbebe.

Nyumbani mama alimgombeza, kisha akampakulia. Zuhura aliitazama sahani kama mtu anayetazama jiwe. Asubuhi hakutaka uji. Jioni Koko alikaanga ndizi, kitu ambacho mtoto yule angekifuata hadi msituni, akageuza uso. Ilipita siku hivyo, ikafuata nyingine na nyingine tena. Alikunywa maji tu. Mama alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akampa dawa ya minyoo, akasema kama amekula muhogo mchungu ambao haukuvundikwa vizuri tumbo litatulia lenyewe. Alikuwa kijana mwema, alikuja hata nyumbani kumwangalia. Tumbo la Zuhura halikutulia. Mashavu yakaingia ndani. Usiku tulilala mkeka mmoja, na niliona alivyokuwa mwepesi. Akijigeuza, mkeka haukulia. Niliogopa kulala nisije nikaamka peke yangu.

Kuhusu chakula cha kule alisema kidogo. Kulikuwa na mama mzee, na wali, na mboga. Mama alizunguka mji mzima na ile nusu ya kibuyu akiuliza ni ya nani. Wanawake waliishika, wakaigeuza, wakazitazama alama zilizochorwa ukingoni, wakamrudishia haraka. Hakuna aliyeijua. Nyuma ya mianzi kule hakukuwa na nyumba ya mtu.

Koko alikuwa akikoroga sombe alipouliza swali lake. Aliuliza bila kumgeukia mtoto, kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Ule mama, alionja?"

"Hapana, Koko," Zuhura alijibu kutoka mkekani. "Aliniangalia tu vile niko nakula."

Mwiko ulisimama. Nilimwona mama akikaa chini palepale alipokuwa, juu ya kuni, bila kutafuta kigoda. Hata leo naikumbuka sauti ile ndogo, isiyokuwa na hofu yoyote.

Mama alitaka tuhame. Alitaka tumpeleke mtoto kwa baba, Lusangi, siku hiyohiyo. Koko alikataa. Alisema mtu aliyekula kwa mwenyeji hakimbii. Ukikimbia na chombo cha watu wewe ni mwizi, na mwenye chombo ana haki ya kukifuata. Chombo cha jirani kinarudishwa, na hakirudishwi kitupu. Hapo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia Koko sauti, alimpandishia.

"Mama, hautaenda uko na mutoto yangu! Iko imebaki mifupa!"

"Ni ju ya ile mifupa naenda," alisema Koko. "Mukono mutupu haulambwi. Leta muchele."

Alipika kama anayepikia harusi. Alitoa mchele aliokuwa akiutunza kwa ajili ya Noeli, akatoa samaki wa mwisho, akatwanga sombe mwenyewe na kukataa nimshikie mchi. Ilipofika zamu ya chumvi alimwita Zuhura, akamtilia mkononi, akamwambia amwage. Alimwaga. Kisha Koko akajaza ile nusu ya kibuyu mpaka ikafura, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge ijapokuwa alikuwa mkubwa wa kutembea, na mimi nikabeba chakula. Ilikuwa mchana mweupe. Nasema hivyo kwa sababu wajukuu hudhani mambo haya hutokea gizani tu, na mimi niliyaona huku kivuli changu kikiwa kifupi chini ya miguu yangu.

Nyuma ya mianzi palikuwa na uwanja uliofagiwa. Mifagio ilikuwa imeacha mistari mizuri kwenye udongo, na juu ya mistari ile hapakuwa na unyayo hata mmoja. Mafiga matatu yalikuwepo. Koko aligusa majivu kwa kidole, yalikuwa baridi. Lakini kando yake kulikuwa na rundo la maganda ya muhogo, mabichi, yakiwa bado yanatoa maji, na niliyatazama mpaka nikaona kwamba yale hayakuwa maganda mengi. Lilikuwa ganda moja, limejikunja na kujikunja.

Koko alimshusha Zuhura, akamkalisha, akavua ndala zake kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. "Hodi, jirani," alisema. Hakuna aliyeitika. Hakuna ndege aliyelia, na hata kijito, kilichokuwa hatua chache tu, sikukisikia. "Tumerudisha chombo yako. Mutoto wetu alikula kwako. Aksanti. Na sisi tumepika kidogo." Alimega wali, akauchovya kwenye sombe, akautia kinywani, akatafuna, akameza. Kisha akafungua kinywa wazi akakionyesha, upande huu na upande huu. "Unaona? Nimeonja. Sasa sogea."

Tulingoja. Zuhura alikuwa ameinua uso, anatazama mahali fulani ng'ambo ya mafiga, si mbali, kwa kimo cha mtu aliyechuchumaa. Alisikiliza. Alitikisa kichwa kidogo kama tunavyofanya tukisimuliwa jambo la huzuni.

"Koko," alisema, "anasema watu walikuwa wanakimbia tu. Hakuna mutu alishamwambia karibu."

Nilimtazama Koko nikitegemea atukamate mkono tukimbie. Uso wake ulikuwa umelowa machozi. Mwanamke yule aliyezika mume na watoto watatu bila kutoa sauti alikuwa analia mbele ya mafiga yasiyokuwa na moto. Alikisogeza kibuyu mbele, katikati, ambapo mkono wa upande wowote ungefika.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu ukule na sisi."

Zuhura akapeleka mkono. Alikula tonge, akatulia, akala jingine, akaguna kwa ile raha yake ya zamani, akatema mfupa wa samaki. Koko alimega kidogo tena, basi. Mimi sikugusa, nilikuwa nimesimama na kitenge mikononi na sikuweza hata kukaa. Mtoto aliyedhoofika vile angekula kiasi gani? Chakula kile kingewashibisha wanaume waliotoka shambani. Nilikuwa nikikitazama muda wote, nami nawaambia, niliona wali ukipungua upande wetu na niliona ukipungua upande wa pili. Kibuyu kilipokuwa kitupu, Koko alisema aksanti, akavaa ndala, tukaondoka bila kugeuka. Kijitoni alinawa mikono na ndipo nikasikia tena kwamba maji yana sauti.

Zuhura alipofika nyumbani aliuliza kama kuna ukoko uliobaki chunguni. Mama alimpa chungu kizima, akakaa kando yake akimshika mguu mpaka alipomaliza.

Nilipokuwa msichana wa kuolewa nilimwuliza Koko zimwi ni nini hasa. Tulikuwa jikoni, sombe ikiwa motoni, na sikutaka hadithi. "Ni mutu," alisema. "Alikuwa anapika, watu wanakuja, anakula nao. Kisha siku moja hakuna mutu alikuja tena. Ukikula peke yako miaka mingi, ladha inakutoka. Unabakia kuangalia vinywa vya wenzako tu, ukumbuke vile inakuwaga." Hatukulizungumza tena. Miaka ya kukimbiakimbia vita ilipokuja, miji ya kwetu ikabaki mitupu, nilifikiria sana kuhusu majiko yale yote yaliyoachwa na moto wake, lakini sikuwa na Koko wa kumwuliza.

Mjukuu wangu anayesomea udaktari Bukavu amenieleza vizuri sana jinsi muhogo mchungu unavyomtia mtu sumu, akakosa hamu ya kula, akaona visivyokuwepo. Nilimsikiliza. Kijana ana akili na huenda ana haki, kama alivyokuwa na haki yule muuguzi. Nilimwuliza tu ni muhogo gani unaokula wali wa watu. Akasema, "Koko, unapenda hadithi," akarudi kwenye simu yake, ambako zimwi lilikuwa likimtafuna mtu na viatu.

Zuhura yuko Uvira sasa, mnene, ana watoto ambao nao wana watoto. Mume wangu alikwisha kufariki. Watoto wangu wametawanyika, na likizo ni fupi. Wajukuu wakiwa hapa, mmoja ana njaa saa sita, mwingine saa kumi. Kila mmoja anapakua, anabeba sahani yake chumbani, anafunga mlango. Zamani sahani ilikuwa moja, kubwa, na mikono mingi kama vifaranga, na ukichelewa uliitwa kwa jina mpaka njiani. Wakishaondoka, wanangu hunipigia simu jioni. Huuliza, "Mama, umekula?" Nasema nimekula. Hawaulizi na nani.

Juzi nilipika wali na maharage, vya kutosha watu, maana mkono wangu haujajifunza kupika kidogo. Nilikaa mlangoni na sufuria mbele yangu. Walipita wengi, pikipiki na baiskeli, watu wakitoka sokoni, kila mmoja na haraka yake. Kukaribia magharibi msichana mdogo, wa majirani waliohamia karibuni, alisimama njiani. Harufu ilikuwa imemshika, nilimwona anavyomeza mate. Nikamwambia, "Karibu, mama." Alinitazama, akaitazama sufuria, akanitazama tena kwa muda mrefu. Kisha akakimbia, ndala moja ikabaki njiani. Enzi zetu tungekula kwanza, tukaogopa baadaye.